Kutoka Mbeya hadi Mosi-oa-Tunya: mwongozo wa safari kwa wastaafu wawili

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alifundisha jiografia miaka 34, na kila mwaka alichora maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria Falls, ubaoni kwa chaki. Hakuwahi kuyaona. Mimi nilikuwa muuguzi, na kwa miaka ya zamu za usiku sikuwa na hamu ya kuona chochote zaidi ya kitanda. Tulipostaafu wote wawili, watoto wakaja na picha za Dubai kwenye simu. Mzee akatoa ramani yake ya ukutani, akaweka kidole Mbeya, akapima kwa rula: Dar es Salaam kilomita 800 na zaidi, Tunduma, mpakani na Zambia, 100 na ushei. "Mama," akaniambia, "mlango wetu si Dar."

Basi hayo ndiyo ninayoandika hapa: namna ya kutembelea Lusaka, Livingstone na Victoria Falls kwa siku 13, mkiwa wawili, mna umri wetu na magoti yetu. Kijana wa miaka 25 ataifanya kwa siku sita. Mwacheni aifanye.

Hatua ya 1: Chagueni mwezi

Mto Zambezi hujaa kupita kiasi kuelekea Aprili, kisha hupungua taratibu mpaka Oktoba na Novemba. Ukienda Aprili utalowa kama umeanguka kisimani na maporomoko yenyewe hutayaona vizuri, maana moshi wa maji hufunika kila kitu. Ukienda Oktoba, upande wa Zambia unaweza kukuta ukuta wa mwamba mkavu, na joto la Livingstone wakati huo si la mchezo kwa mtu aliyezoea baridi ya Uyole.

Sisi tulikwenda Julai. Maji bado ni mengi, moshi umepungua, jua ni la upole, na maharage yameshavunwa, kwa hiyo shamba halikuiti. Bebeni masweta. Usiku wa Livingstone mwezi wa saba haucheki na mtu.

Hatua ya 2: Karatasi, na mzianze miezi mitatu kabla

Mtanzania haombi viza kwenda kutembea Zambia wala Zimbabwe. Anagongewa muhuri mpakani. Kwa hiyo kazi kubwa ni pasipoti yenyewe: maombi yanajazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, unalipia 150,000, halafu unakwenda ofisini kwa picha na alama za vidole.

Kwa watu wa umri wetu kikwazo huwa majina. Wengi tulizaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa tulikipata ukubwani au hatunacho kabisa, na kila karani aliandika jina alivyolisikia. Kwenye kitambulisho changu cha NIDA jina la baba lina "l", kwenye cheti lina "r". Herufi moja hiyo ilinila wiki saba. Kabla hamjalipia chochote, wekeni mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na cheti cha ndoa, msome majina herufi kwa herufi kama mnakagua risiti. Asiye na cheti aanze RITA, wanasajili hata watu wazima. Mwenye pasipoti ya zamani aangalie tarehe ya mwisho: iwe imebakiza miezi sita au zaidi siku mnayovuka.

Na jambo ambalo mtu hulikumbuka akiwa tayari Lusaka: uhakiki wa wastaafu. Ulizeni wenu unaangukia lini, mfanye kabla ya kuondoka, msije mkarudi mkakuta pensheni imesimamishwa kwa sababu mfuko hauna uhakika kama bado mnapumua.

Hatua ya 3: Afya

Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo, maana hii ilikuwa kazi yangu.

Kwanza kadi ya manjano. Mpakani wanaweza kuidai. Tangu 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi, kwa hiyo tafuteni kwanza kwenye makabati. Kama hujawahi kuchanjwa na umepita miaka 60, usiende kujipanga foleni ya chanjo kimya kimya. Madhara makubwa ya chanjo hii ni nadra, lakini kwa mtu wa umri huo anayechanjwa mara ya kwanza yanapatikana zaidi kuliko kwa kijana. Mweleze daktari umri wako na magonjwa yako, aamue yeye.

Pili, dawa za kila siku. Chukueni za safari nzima na wiki moja ya ziada. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa lenyewe badala ya jina la kampuni, maana duka la dawa la Lusaka huenda halijui jina mnalolijua nyumbani. Anayetumia insulini aiweke kwenye chombo cha ubaridi, ila isiguse barafu, ikiganda imeharibika.

Tatu, na hili watu hawaambiwi: Zambia ni wakali kwa baadhi ya dawa ambazo kwetu tunazichukulia za kawaida. Dawa za kikohozi zenye kodeini, na dawa za mafua na mzio zenye difenhidramini, zimewaingiza wasafiri matatani. Pekueni begi. Mzee alikuwa na chupa ya kikohozi ya tangu mwaka juzi, nusu imeganda mdomoni mwa kizibo. Niliitupa na nikafurahi kupata sababu.

Nne, kadi ya bima ya afya mnayotumia hapa haitawafaa ng'ambo ya mpaka. Ulizeni bima ya safari, na msome umri wa mwisho wanaoukubali, maana kampuni nyingine hukata kwenye 65 au 70. Yetu tuliipata kwa kampuni ya tatu.

Tano, miguu. Kwenye basi simameni kila linaposimama, hata kama hamna haja. Mkiwa mmekaa chezesheni vifundo. Msikwepe maji kwa kuogopa choo. Damu ikilala kwenye miguu ya mzee masaa kumi, kinachofuata si kitu cha kukichezea. Na raba ziwe zile mlizokwisha kuzivaa miezi miwili. Nilinunua mpya Mwanjelwa kwa ajili ya safari, siku ya pili kisigino kikaota malengelenge. Muuguzi mzima.

Hatua ya 4: Pesa

Zambia ni kwacha. Zimbabwe dola ya Marekani inapokelewa karibu kila mahali, ila iwe ndogo ndogo: za 1, 5 na 10, safi, zisizochanika, kwa sababu chenji ni shida. Niliona mtalii akirudishiwa chenji ya pipi. Kadi ya benki inatoa kwacha kwenye mashine za Lusaka na Livingstone bila taabu, lakini iambieni benki yenu mapema kwamba mnasafiri. Gawaneni pesa: nusu kwake, nusu kwako. Wanandoa wengi wa rika letu mzee ndiye anayebeba zote, halafu mzee anasahau koti.

Hatua ya 5: Kuvuka Tunduma

Laleni nyumbani, si Tunduma. Ondokeni Mbeya alfajiri na basi dogo la Costa, mfike mpakani asubuhi jua bado halijachoma. Mtayaona malori kabla ya kuuona mji, yamejipanga kama siafu. Msiyaogope, foleni ile si yenu.

Tangu 2019 kuna kituo cha pamoja: anayekwenda Zambia anagongewa mihuri ya kutoka na ya kuingia Nakonde, upande wa Zambia, jengo moja. Kabla hamjaondoka dirishani angalieni siku mlizoandikiwa kwenye muhuri. Zikiwa pungufu kuliko safari yenu, semeni hapo hapo, kwa adabu.

Vijana watawazunguka: "Mama, nikubebee! Mzee, kwacha hapa!" Mzigo mnaweza kuwapa mkikubaliana bei kabla. Kwacha, hapana. Mimi nilijifanya mjanja, nikabadilisha laki mbili kwa kijana mwenye sura ya kanisani. Alihesabu mbele yangu, noti zimekaa vizuri kidoleni, hesabu ikatimia. Nilipohesabu mwenyewe ndani ya gari zilikuwa pungufu kwa noti nne. Nne zilikunjwa katikati, kwa hiyo kila moja ilihesabiwa mara mbili, huku na huku. Basi: nendeni duka la kubadilisha fedha au benki, na noti mzishike ninyi, mzinyooshe moja moja. Kumbukeni pia kwamba Zambia walifuta sifuri tatu kwenye fedha yao mwaka 2013, na 2025 wakatoa noti mpya kabisa. Mtu akiwapa kwacha elfu hamsini kwa noti moja, amewapa karatasi ya kufungia karanga.

Halafu rudisheni saa zenu nyuma saa moja. Nakonde Kiswahili kinasikika kila kona, na hapo ndipo pa kuchanganyikiwa: ukiambiwa basi linaondoka "saa tatu", uliza ni saa tatu ya nani. Ya kwao au ya kwetu? Ya Kiswahili au ya Kizungu? Sisi tuliuliza mara tatu, tukapata majibu matatu, na basi likaondoka kwa la nne.

Hatua ya 6: Njia ndefu, ikateni

Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000. Mabasi hupiga moja kwa moja, na barabara ina vipande vibovu. Msithubutu. Laleni Mpika. Ni mji mdogo usio na cha kutazama, na hiyo ndiyo raha yake: mnaoga, mnakula, mnanyoosha mgongo.

Kuna wanaopenda reli. TAZARA inapita Mbeya na kuishia New Kapiri Mposhi, kilomita kama 200 kabla ya Lusaka. Ni safari nzuri treni ikiwa inatembea, ila huduma ya abiria husimama mara kwa mara, kwa hiyo mzee mmoja aende stesheni aulize kwa mdomo wake. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda 4, cha pili 6, na wanaume hulazwa mbali na wanawake. Mkitaka kulala pamoja lipieni chumba kizima. Mumewe shoga yangu alilala na wafanyabiashara watatu wa vitenge na mizigo yao, mkewe yuko behewa jingine na dawa za presha za wote wawili.

Kati ya Mpika na Serenje mzee aliniamsha akanionyesha msitu. Huko ndani, Chitambo, ndiko David Livingstone alikofia mwaka 1873. Watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaubeba mwili hadi Bagamoyo. Kwa miguu. Nami nilikuwa nimetoka kulalamikia kiti.

Hatua ya 7: Lusaka, kitu kimoja kwa siku

Kaeni usiku nne. Stendi kuu ya mabasi iko barabara ya Dedan Kimathi, ina kelele na mikono mingi. Msitafute nyumba ya kulala mkiwa pale na mabegi. Wekeni nafasi kabla, na mkipiga simu ulizeni maswali mawili tu: chumba kiko chini? Bafu lina kizingiti au beseni la kuvuka? Gesti yetu ya kwanza ilikuwa na picha nzuri, ila ghorofa ya tatu na ngazi tupu. Mzee mwenye goti bovu la kulia alipanda akihesabu kwa sauti. Ngazi 51. Asubuhi tulihama.

Siku ya kwanza tuligombana. Yeye alikuwa na orodha ya sehemu sita, amezipanga kwa saa kama ratiba ya mitihani. Kufikia ya tatu nilikaa kwenye ukingo wa bustani nikakataa kuinuka. Tukakubaliana hapo: kitu kimoja asubuhi, chakula, kulala, na jioni matembezi ya karibu tu. Sheria hiyo ikaokoa safari, na nafikiri ndoa.

Vitu vyenyewe ni hivi. Makumbusho ya Taifa, yana sanaa na historia, mnamaliza kwa saa mbili na kuna pa kukaa. Nyumba nambari 394 ya Chilenje, alikoishi Kenneth Kaunda na familia yake kabla ya uhuru: vyumba vidogo, samani za kawaida kabisa, na ukiwa mtu uliyekua ukisikia jina lake redioni pamoja na la Mwalimu, utasimama pale muda mrefu kuliko ulivyopanga. Embassy Park walikozikwa marais wao, Kaunda akiwemo tangu 2021. Sanamu ya Uhuru, mtu anayekata mnyororo juu ya kichwa chake. Na Cairo Road, ambayo jina lake limetokana na ndoto ya Waingereza ya njia kutoka Cape hadi Cairo. Leo ni benki na maduka, mtatembea upande mmoja mkarudi upande wa pili.

Chakula hakitawasumbua. Nshima ni ugali, mweupe, na mboga yake wanaiita ndiwo. Ombeni ifisashi, majani yaliyopikwa kwa karanga. Nilidhani niko kwa dada yangu Tukuyu.

Kuzunguka, tumieni teksi za kuita kwa simu, bei unaiona kabla. Laini ya Zambia mnasajili kwa pasipoti.

Hatua ya 8: Livingstone na maporomoko

Basi la asubuhi, kama kilomita 480, barabara ya Mazabuka kwenye miwa, Monze, Choma. Siku mnayofika msifanye kitu.

Siku ya pili anzeni na Makumbusho ya Livingstone mjini. Kuna barua na vitu vya yule yule aliyebebwa hadi Bagamoyo, na mkishapita Chitambo vinawagusa kwa namna nyingine. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, tangu 1911 hadi 1935, Lusaka ilipochukua nafasi.

Siku ya tatu, maporomoko. Nendeni geti likifunguliwa. Dirishani toeni pasipoti kabla hamjatajiwa bei, kwa sababu viingilio vinatofautiana na sisi ni watu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Vaeni kitu kinachokauka haraka, simu kwenye mfuko wa nailoni, koti la mvua la kwenu. Vyakula visionekane: nyani wa pale wanajua sauti ya zipu. Njia ya kushuka Boiling Pot, chini kabisa mtoni, ni mawe na ngazi zenye utelezi. Aliyewaambia ni "dakika kumi tu" ana miaka ishirini. Iacheni.

Lakini daraja dogo la waenda kwa miguu, lile la Knife Edge, lifanyeni. Shikeni chuma, mmoja nyuma ya mwingine, taratibu. Lilikuwa linatiririka maji, na mngurumo unaingia kifuani kabla ya masikioni. Katikati mzee alisimama. Miwani imejaa matone, kofia ameikumbatia. Upana mita 1,708, kimo mita 108, alizisema namba hizo darasani maisha yake yote. Nilimngoja azitaje. Akafuta miwani kwa shati lililolowa, ikazidi kuchafuka, akaivaa, akasema, "Nilikuwa naichora fupi."

Hatua ya 9: Daraja na upande wa pili

Msimalizie Zambia. Upande wa Zimbabwe mnaona sehemu kubwa zaidi ya maporomoko, tena njia zake ni tambarare, zina madawati. Kwa magoti mabovu huo ndio upande wenu. Vukeni asubuhi kwa teksi hadi kituo cha mpaka, mgonge mihuri, mtembee darajani au mchukue teksi nyingine. Anayetaka daraja tu bila kuingia Zimbabwe anaomba Uhamiaji kikaratasi cha darajani, kisha anarudi.

Daraja lilikamilika 1905. Vyuma vyake vilitengenezwa Uingereza vikaletwa kwa meli hadi Beira. Chini yenu ni mita 128 hadi mtoni, na katikati kuna vijana wanaojirusha wamefungwa kamba miguuni. Mwaka 1975 behewa la treni lilisimamishwa juu ya daraja hili, nusu yake Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na nusu Zambia, ili waziri mkuu wa Rhodesia Ian Smith na viongozi wa ukombozi wazungumze kila mmoja akiwa amekaa kwenye upande wake. Mazungumzo hayakuzaa kitu. Mzee alitaka kujua mstari ulipita wapi hasa, akapima kwa hatua mpaka askari akatabasamu.

Laleni usiku mmoja Victoria Falls kama mfuko unaruhusu. Ni mji mdogo na ghali. Chai ya jioni ya Victoria Falls Hotel, iliyojengwa 1904, ina bei itakayowafanya mkumbuke kikokotoo cha pensheni. Tuliagiza ya mtu mmoja tukaomba vikombe viwili. Hawakukunja uso.

Kurudi

Kama imebaki akiba, pandeni ndege Lusaka hadi Dar kisha Songwe, uwanja wa Mbeya, mgongo utawashukuru. Sisi tulirudi na basi, tukalala tena Mpika, chumba kile kile. Vitenge vya zawadi viwe vichache na risiti ziwepo, maana Tunduma forodha wanajua tofauti ya bibi wa zawadi na bibi wa biashara.

Mkishagongewa muhuri wa nyumbani, pelekeni saa mbele saa moja. Mzee alikataa kugusa yake, anasema anaipenda ilivyo. Jumapili ile tulifika kanisani mahubiri yanakwisha.